Ini la Kulungu Ambaye Hakumpiga

...na kofia yake ya rangi ya chungwa ameinyoosha, ndilo lililomkera Tuire kuliko yote, kwamba kaka yake Heimo, baada ya kufanya aliyoyafanya, alikuwa bado na utulivu wa kunyoosha kofia, anatembea kandokando ya meza ndefu ya banda la kuchinjia na kisu chake kiunoni, ananyoosha kidole kwenye fungu la nyama na kuuliza, "Hii ya nani?", kwa sauti ileile ya kila mwaka, na Vilja, binti yake Tuire, miaka kumi na mitano, siku yake ya kwanza ya uwindaji maishani, amesimama mwisho wa banda amegeukia ukuta, maana anayetaja majina haruhusiwi kuyaona mafungu asije akampendelea mtu, na heshima hiyo hupewa aliye mgeni kuliko wote, akajibu, "Ya Rautio," na mzee Rautio akaja na ndoo, akashukuru, akabeba paja na mbavu zake, na mkononi mwa Vilja mfuko wa plastiki unaning'inia, ndani yake ini, kwa sababu ini ni haki ya aliyepiga, na Vilja hakupiga, Vilja hakupiga chochote leo, lakini ini analo, limeshaanza kuchuruzika kidogo kwenye buti lake la kushoto na hajasogeza mguu.

Bado mafungu tisa. Baba yao, mzee Ahti, ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa pembeni ya Tuire, analalamikia supu ya njegere, ilishika chini ya sufuria, zamani mama yenu alikuwa haondoki jikoni... na Tuire anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, huku macho yake hayabanduki kwenye shingo ya mwanawe, shingo nyembamba, nywele kazifunga mwenyewe saa kumi na moja alfajiri mbele ya kioo cha gari, anacheka, anauliza mama nitatetemeka, na wala hakutetemeka, hilo ndilo walilomwibia, hakutetemeka hata chembe, walikuwa wawili juu ya dungu la mbao ukingoni mwa shamba la ngano, ngazi imeganda barafu ya Novemba, ukungu mpaka magotini, na kulungu jike akatoka msituni polepole, akasimama ubavu wazi, hatua themanini hivi, mnyama ambaye mtu anaweza kumsubiri miaka mitatu, Vilja akainua bunduki, akaegemeza shavu, Tuire akabana pumzi, akaona kidole kinaingia mahali pake, na ndipo nyuma ya jike nyasi zikatikisika, akatokea ndama wa mwaka huu, masikio makubwa kuliko kichwa, na Vilja akashusha bunduki. Hakuambiwa. Akaishusha, akafunga kitufe cha usalama cha bunduki, akabonyeza redio, kwenye njia ya dungu la Heimo peke yake, na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama na mtoto wake, wanaelekea kwa mjomba, mimi siwapigi," kama alivyofundishwa kwenye kozi, maana sheria hii hata mjinga anaijua, jike anayefuatwa na ndama haguswi, na Tuire akammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, machozi yakamtoka, akasingizia baridi, hajawahi kujisikia hivyo kwa jambo lolote alilolifanya yeye mwenyewe, na kahawa haijaisha wakasikia risasi upande wa Heimo.

"Hii ya nani?"

"Ya Niskanen."

Betri, alisema Heimo, betri ya redio ilikufa kwa baridi, sikusikia kitu, na ndama alikuwa nyuma ya kichaka sikumwona, na huenda ni kweli, huenda, Tuire yuko tayari hata kukubali kwamba ni kweli, mtu anaweza kukosea, lakini Aapo, mtoto wa Heimo, miaka kumi na sita, naye msimu wake wa kwanza, alikuwa kwenye dungu hilohilo pamoja na baba yake na tangu saa tatu asubuhi hajainua macho kutoka kwenye buti zake, amesimama pale mlangoni sasa hivi anazikagua kana kwamba amezinunua leo, na redio iliyokufa kwa baridi ilipona upesi sana, maana dakika kumi baadaye ndiyo iliyotumika kuwaambia watu wote kumi na wawili kwamba binti wa Tuire ameangusha kulungu wake wa kwanza, bahati mbaya ni jike mwenye ndama, mtoto amejikanganya, msimfokee, na hizo dakika kumi, Mungu wangu, hizo dakika kumi Heimo alikuwa ndani ya gari la Tuire, kiti cha mbele, anavua glavu kidole kimoja kimoja, mtu mzima wa miaka hamsini na sita anavua glavu ili asimtazame dada yake usoni. "Mtoto husamehewa, dada," alisema, "mimi hawatanisamehe." Miaka kumi na tisa kiongozi wa msako, miaka kumi na tisa akiwasomea wenzake kanuni kila msimu, tena zile bunduki zitachukuliwa, na wenye mashamba watatunyima maeneo yao, na baba je, baba ana moyo mbovu, unataka asikie leo, na Tuire akauliza, alau hilo aliuliza, basi kwa nini isiwe Aapo, Aapo naye ni mtoto, na Heimo akasema kwa upole, upole huo ndio unaomchemsha Tuire mpaka sasa, akasema Aapo ameomba chuo cha wanyamapori, jina lake likiingia kwenye karatasi za polisi kwa jambo la namna hiyo itakuwaje. Itakuwaje! Na jina la Vilja je, hilo la kufungia samaki? Vilja hana pa kwenda maishani, Vilja atabaki tu kugeukia ukuta? Kidomo hicho anacho sasa, hapa, katikati ya banda, moyoni, mle garini hakuwa nacho, mle garini alisema, "Sawa."

"Ya Hirvonen."

Na walivyomsamehe, hao waungwana, ndipo ungetaka kulia, afadhali wangemtukana. Walipanga mstari. Mmoja mmoja walimpiga begani, Niskanen akasema hata yeye mwaka wa kwanza alifanya mabaya zaidi, mzee Rautio akasimulia alivyopiga kisiki mara tatu na mara ya tatu kisiki kikaanguka, watu wakacheka, na Vilja akasema asante, akasema asante kwa kila mmoja wao, asante kwa kusamehewa kosa alilolikataa kwa mkono wake mwenyewe, na Heimo, Heimo huyohuyo, akachovya vidole viwili kwenye damu ya yule jike akampaka mpwa wake mashavuni, kulungu wa kwanza ni wa kwanza, alisema, na watu wakapiga makofi ya glavu, na Vilja akafumba macho, na Tuire alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, ameshika sahani ya mikate ya iliki, akaendelea kuishika, ndiyo, akaendelea kuishika sahani, akamgawia hata Heimo, naye akachukua miwili.

"Ana haraka huyo mtoto," akasema mzee Ahti pembeni yake. "Kama wewe ulivyokuwa."

Tuire akataka kumgeukia baba yake amwambie haraka gani, haraka ipi, baba hujui kitu, lakini baba hajui kitu kwa sababu hajaambiwa, na anayeweza kumwambia ni nani... akahesabu, bado sita, mafuta ya kulungu yameganda meupe juu ya turubai la meza, mlango uko wazi na nje saa tisa tu mchana giza limeanza kushuka juu ya miti, na huko miti iliko yuko ndama anayezunguka pale alipoangukia mama yake, Heimo aliwatuma vijana wawili na mbwa wakammalize asiteseke, hawakumpata, watarudi kesho, na akiishi mpaka theluji itakapofika tumboni basi hataishi tena, na kuhusu yatakayofuata hilo ndilo swali pekee aliloliuliza Vilja garini. Hakuuliza watanifanya nini. Hakuuliza polisi watasema nini. Aliuliza, ndama atafanyaje, na Tuire akasema sijui mwanangu.

"Hii ya nani?"

Mshenzi. Mshenzi na kofia yake. Tuire akaanza kumpangia maneno, alikuwa nayo mengi, alikuwa nayo ya miaka arobaini, tangu baba alipompa Heimo bunduki na yeye akapewa ubao wa kukatia vitunguu, tangu msiba wa mama ambapo Heimo alitoa hotuba na Tuire akaosha vikombe, tangu kila theluji ya kila mwaka ambayo Heimo huja na trekta kabla hajaombwa, husafisha njia yake yote mpaka barabara kuu, nusu kilomita, tangu mumewe Ossi alipomwacha na nyumba na mtoto, hajawahi kudai hata kikombe cha kahawa, huinua tu mkono dirishani na kwenda zake, na pampu ya kisima ilipokufa sikukuu ya Krismasi ni nani aliyelala chini ya sinki, Heimo, kaka mwema, kila mtu anasema una bahati Tuire kuwa na kaka wa namna hiyo, na wema wote huo ulikuwa mle garini, umekaa kiti cha nyuma, hakuutaja hata kidogo, hakuwa na haja ya kuutaja, na yeye akaulipa papo hapo, akaulipa kwa mtoto... kwa mtoto wa nani? Si wa Heimo. Wake Heimo amemficha mlangoni na buti zake. Hapo Tuire akakwama, fikra zikamgomea, zikakataa kuendelea na Heimo, akazisukuma na hazikwenda. Kwa sababu Heimo aliomba. Basi. Alikuwa ameogopa, alikuwa mweupe hadi midomoni, glavu zile alizivua kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, sasa anakumbuka, mikono ilikuwa inatetemeka, aliomba neno moja akapewa. Angenyimwa angefanya nini? Angeshuka garini. Angeshuka tu, akaenda kwa wenzake na kofia mkononi.

Na Vilja alipofungua mlango wa nyuma akaingia, mashavu mekundu kwa baridi, bado anafurahi, bado hajui, akauliza mjomba alikuwa anataka nini, na Tuire akamweleza akitazama usukani, akamweleza kwa sentensi fupi fupi za mtu anayesoma orodha, na kioo kikaingia ukungu, kisha Vilja akauliza, "Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sawa."

Alitegemea mtoto atapiga kelele. Angepiga kelele wangegombana, wangelia, lingekwisha. Vilja alimtazama kupitia kile kioo kidogo cha mbele, akatazama muda mrefu, hakuwa na hasira, Tuire angetoa chochote aione ile hasira, akasema, "Basi sawa," na ilikuwa sauti ya Tuire mwenyewe, ndogo, ya kumalizia mazungumzo, aliyoitumia kwa baba, kwa Ossi, kwa kila aliyewahi kumtaka kitu, hakumbuki hata aliipata wapi, ila leo ameona mahali ilipokwenda, imehamia kwa mtoto mbele ya macho yake, kabla ya saa nne asubuhi, na aliyeikabidhi ni yeye, si Heimo, Heimo ameua kulungu, hilo ni lake na sheria, lakini Vilja alitolewa na mama yake, akiwa amekaa kwenye kiti chake, injini inanguruma, joto limewashwa.

"Hii ya nani?"

"Ya Tuire," akasema Vilja.

Hakusema ya mama, desturi haisemi hivyo, alitaja jina kama alivyotaja ya wengine, na watu wakampisha Tuire apite, baba yake akamsukumia beseni kwa mguu, haya nenda, akaliokota, akaenda mpaka mezani, fungu lake lilikuwa zuri, mkono mzima na kipande cha sarara, na ng'ambo ya meza Heimo bado amenyoosha kidole juu yake. Akafikiri asubiri. Yamebaki manne, yaishe kwanza, Vilja ageuke, watu wanawe mikono, wanywe kahawa, pengine amvute Heimo nje wayamalize kifamilia, pengine baada ya Krismasi, baba akipata nafuu... na akaisikia ikija, akaisikia kabisa ikipanda kooni kwa sauti yake ndogo ile, sawa, sawa, acha kwanza, akashangaa jinsi inavyofanana na busara. Hasira ilikuwepo bado, tena yote, ila haikuwa inamtazama Heimo tena. "Chukua basi, dada," Heimo akamwambia chinichini, na jicho lake lilikuwa linaomba, na Tuire akamwonea huruma kweli, wala hakuchukua, beseni tupu limekaa kati yao juu ya turubai, mtu nyuma yake akakohoa, Vilja mbele ya ukuta anasubiri aulizwe tena, mfuko umekwishalowesha buti, na Tuire akavuta pumzi na maneno yalikuwa machache kuliko alivyodhani, yote yalimwenea mdomoni, akayasema banda zima likasikia, Vilja hakupiga, alishusha bunduki, nilikuwepo, mimi ndiye niliyesema sawa.