Pua ya Rusk Haldane

Ngumi ya kwanza aliirusha Rusk Haldane, na hilo asibishe mtu, maana baa nzima ilimwona.

Alikuja kuonja bia, basi. Mji wao huo wa Oregon ulishanong'ona vya kutosha kwamba Merritt, mdogo wake, alipojitoa kwenye kiwanda cha bia cha kaka yake aliondoka na siri ya bia ya kaka huyo, ile nyekundu ya rangi ya kaharabu. Merritt akachoshwa na maneno ya watu. Akamwita Rusk kwenye kiwanda alichofungua mwenyewe, chenye baa ndani, akamjazia bilauri mbele ya wateja.

"Onja, kaka. Ukisema ni yako, tangi namwaga na mlango nafunga leo hii. Neno lako linanitosha."

"Usinifundishe kazi niliyokufundisha mwenyewe," Rusk akamjibu.

Akaiinua kwenye mwanga: nyekundu ya chai ya rangi, povu limetulia. Akanusa. Kimea kilitangulia, harufu ya mkate uliobanikwa na sukari iliyoungua kidogo. Kisha hopsi, yale maua ya kuipa bia ukali, zikaja taratibu na uchungu wa ganda la balungi, zikakaa kando ya kimea bila kukisukuma. Akapiga funda. Utamu na uchungu vikaisha pamoja, mdomo ukabaki unataka tena. Bia hii ameisaka ujana wake wote asiipate. Haikuwa yake. Iliishinda yake, na roho ikamuuma vibaya mno.

"Mwizi mkubwa we," akasema, akamvurumishia bilauri usoni.

Nyusi ikachanika. Kabla Merritt hajafuta damu, ngumi ilishamng'oa jino. Wakaanguka na viti vyao. Rusk, mtu mzima na mvi zake, akamkaba mdogo wake koo na kumgongesha kichwa kwenye pipa la chuma, akarudia, akarudia tena. Merritt akapapasa sakafuni, akaishika nyundo ya kuzibia mapipa, akampiga nayo katikati ya uso. Mfupa ulisikika ukivunjika. Ndipo watu wakawatenganisha.

Merritt akajikokota hadi kwenye tangi.

"Keshasema," akawaambia wateja. "Ana kila ubaya huyu, ila kwenye bia hajawahi kudanganya."

Akafungua koki. Bia ikamwagika sakafuni. Rusk akatambaa, akaikinga kwa kiganja, akanusa. Hakusikia harufu yoyote, hata ya damu yake mwenyewe.

"Funga, mdogo wangu. Si yangu. Ni nzuri kuliko yangu."

Merritt akaitazama ile pua iliyolalia shavu.

"Umejuaje, kaka? Kwa pua hiyo?"

Koki akaiacha wazi.