Salamu ya Njiani

"Basi niambie, Bi Mwanamkuu, mdomo wako umeuweka rehani kwa nani?"

Bi Swaumu alisimama upande wake wa ua wa makuti, khanga ameifunga kibwebwe, sauti imepanda hata kuku wakaacha kuchakura. "Nimekukuta njiani alfajiri, kikapu kichwani kimefunikwa majani. Nikakuamkia: shikamoo, dada. Kimya. Nikasema labda masikio, uzee huo. Nikarudia kwa sauti ya kuamsha waliozikwa. Ukanipita kama umepita kisiki! Mimi, Swaumu binti Zahoro, kisiki?"

Upande wa pili Bi Mwanamkuu alikuwa akimenya muhogo, na kisu chake hakikusimama. Alikuwa mkunga na mchimba mizizi; nusu ya watoto wa kijiji cha Masaki, Kisarawe, walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake, na baadhi yao ndio hao walioning'inia uani wakiufaidi ugomvi.

"Nimekukosea nini? Sema tusuluhishwe."

"Hujanikosea."

"Basi nanuka?"

Watu wakacheka. Bi Mwanamkuu akainua macho, akamtazama jirani yake kama mtu atazamaye wingu asilojua kama litanyesha au litapita. "Salamu yako ninayo, Swaumu. Haijapotea. Nitakupa siku yake."

"Haya, sikieni! Salamu imekuwa mkeka wa harusi, inakunjwa ingoje siku yake!"

"Mama, yaishe," ikasema sauti mlangoni. Ilikuwa ya Mwanaamina, bintiye Bi Swaumu, aliyerudi kutoka kwa mumewe Dutumi mwezi uliopita, kuja kupumzika, kama alivyosema mwenyewe. "Uji unapoa." Alisema hayo akilitazama vumbi la kizingiti, wala hakumtazama mama yake.

Bi Swaumu hakuwa mtu mbaya. Lisemwe hilo mapema, maana visa kama hivi huwa na haraka ya kumtafuta mbaya wao. Alizaliwa mjini, Kariakoo, katika nyumba ya wapangaji ambamo mtu akikohoa chumba cha mwisho, chumba cha kwanza humpa pole. Ndoa ndiyo iliyomleta Masaki, na pamoja na masanduku yake alikuja na ule mwili usioweza kukaa na kimya. Baraza yake haikukaukiwa na watu. Muhogo wa kuchemsha ulikuwapo, chai ya mchaichai ilikuwapo, na habari zilikuwapo, moto kuliko chai. Habari ikiingia kwake nyembamba ilitoka imenenepa. Kwa mtu kama huyo, kunyimwa salamu ni kufungiwa mlango mbele za watu.

Na miaka hiyo watu wa Masaki walikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Vita vya Hitla vilipokwisha, serikali iliupiga msitu mkuza: ukanda mweupe uliofyekwa kuuzunguka wote, na mawe ya alama yakasimikwa. Kilichomo ndani ya mkuza kikawa mali ya serikali. Wazee wakauliza, na makaburi yetu yaliyomo? Wakaambiwa makaburi hayatafukuliwa. Wakauliza, na dawa? Hapo mkalimani akababaika, kwa kuwa Bwana Misitu, Mzungu aliyeusimamia msitu, hakulielewa swali. Kuni alizielewa, boriti alizielewa. Kwamba mtu anaweza kuwa na haki juu ya mzizi asioupanda, hilo halikumwingia.

Na ni huyo huyo Bwana Misitu aliyekuja kabla ya mkuza, mpole, kofia mkononi, akamwomba Bi Mwanamkuu amtembeze porini. Akatembezwa, kwani mgeni hapewi mgongo. Akayabana majani baina ya karatasi, akauliza huu watibu nini na ule watibu nini, akayapeleka kwao Ulaya. Miongoni mwake lilikuwamo jani la mti mmoja wa bondeni penye unyevu, ambao jina lake na libaki kwa wenyewe. Mzizi wake humshikia mwanamke mimba isiyotaka kukaa. Jani likavuka bahari bila kuulizwa linakwenda wapi. Aliyelionyesha akakatazwa kuvuka mkuza.

Ugomvi ulikuwa haujapoa vizuri alipopita barazani Kitwana, askari wa msitu. Alikuwa kijana wa hapo hapo. Marehemu mama yake aliwahi kumbebea Bi Mwanamkuu kikapu. Bi Swaumu akammiminia chai na habari kwa pamoja.

"Kimya kabisa?" akauliza Kitwana.

"Kimya cha kaburi, mwanangu."

"Na kikapu kimefunikwa majani?"

"Mabichi, yanadondosha umande! Sasa niambie wewe, ni majivuno hayo au ni wazimu?"

Kitwana akainuka. Alikiweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akashukuru, akaenda zake. Bi Swaumu akaona ajabu, maana Kitwana hakuwa mtu wa kuacha kitu kikombeni. Kisha mgeni mwingine akapiga hodi, na ajabu ile ikamtoka.

Juma lililofuata, umande haujakauka, wakaonekana wakitokea njia ya msituni: mbele Bi Mwanamkuu, mikono imefungwa kamba ya mkonge, nyuma Kitwana, na kikapu kitupu. Mizizi, Kitwana alikuwa ameimwaga kule kule mkuzani na kuikanyaga. Watu wakatoka majumbani.

"Kitwana!" akapaza sauti mzee Mwinyimadi. "Mikono hiyo unayoifunga ndiyo iliyokupokea!"

"Nami nilimwamkia, mzee. Hakuitika." Kitwana alisema kama mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake. "Mwenye mzizi haitikii salamu aliyokutana nayo njiani. Huiweka mpaka mgonjwa wake apone. Akiitika kabla, dawa imekufa. Mama yangu alinifundisha. Bi Swaumu aliponisimulia, nikajua pa kumngojea." Akamgeukia. "Ahsante kwa chai, mama."

Bi Swaumu akafungua kinywa. Tangu aolewe Masaki haikuwahi kutokea: hakikutoka kitu. Bi Mwanamkuu akampita karibu, hata khanga zao zikagusana, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa akitazama juu ya bega la Bi Swaumu, kule mlangoni, alikosimama Mwanaamina ameikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili.

Watu wakaulizana: mgonjwa mwenyewe ni nani? Bi Swaumu naye akauliza, kwa mazoea. Hakuna aliyejua.

Bi Mwanamkuu akawekwa mahabusu Kisarawe kungojea kesi yake mbele ya baraza la wazee. Huku nyuma, alasiri moja, Bi Swaumu akarudi kutoka kisimani akamkuta binti yake ameketi chini uani, ungo umepinduka, mchele umetapakaa, na khanga imelowa damu.

"Mwanangu! Una nini?"

"Ya tatu, mama."

"Ya tatu gani?" Lakini alipokuwa akiuliza alikuwa amekwisha kuelewa. Zile mimba mbili za kwanza zilizotoka alizijua. Alizililia, na kijiji kizima kikazililia pamoja naye, kwa sababu yeye ndiye aliyekitangazia tangu tumbo halijaonekana. "Mbona hukuniambia? Mimi mamako!"

"Nilitaka hii ikae." Mwanaamina alizungumza polepole, bila nia ya kumwumiza mtu, na hapo ndipo palipouma. "Ningekwambia asubuhi, mama, jioni wangekuwa wanaijua Dutumi. Bi Mwanamkuu akasema tutanyamaza sote wawili, yeye njiani, mimi nyumbani, mpaka mtoto acheze tumboni."

Wakaja vikongwe wawili, wakakizika nyuma ya migomba kile kilichokuwa cha kuzikwa, bila jina, bila matanga, kwa kuwa msiba wa namna hiyo haukaliwi. Na msiba usiokaliwa una uzito wake, maana hakuna wa kukushikia upande wa pili. Huenda mzizi ungefaa. Huenda usingefaa. Lingekuwa moja kati ya hayo, Bi Swaumu angejua alie namna gani. Lakini jibu lilikanyagwa mkuzani, likaungana na udongo.

Barazani kwake moto haukuwashwa. Waliopita waliuona mkeka umekunjwa, umeegemezwa ukutani, wakadhani mwenyewe yu mgonjwa. Yeye alikuwa ndani, anayo habari kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika, na katika Masaki yote hakumpata hata mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alitaka kumsimulia.

Bi Mwanamkuu akaachiwa kwa onyo. Wazee wa baraza walimwambia, tena kwa heshima, kwamba siku hizi kila ugonjwa una hospitali yake, na kwamba akikutwa tena ndani ya mkuza atafungwa. Akarudi kwa miguu. Siku hiyo hiyo Mwanaamina akaukunja mkeka wake, akazunguka ua, akaingia kwa jirani. Hakuaga. Mama yake hakumzuia.

Kupitia makuti Bi Swaumu alisikia mchi ukitwanga kisamvu, kisha mbuzi ikikuna nazi, kisha sauti ya binti yake.

"Nionyeshe ule mti, bibi. Nitakwenda mwenyewe."

"Nikuonyeshe nini, mjukuu wangu? Mti ninao kichwani. Miguu ndiyo iliyokatazwa."

"Nielekeze tu."

"Mti hauelekezwi. Mtu hupelekwa, akashikwa mkono, akawekewa mkono juu ya gamba. Ndivyo nilivyopewa mimi." Mwiko ukazunguka chunguni. "Nikifa, muulizeni Bwana Misitu. Yeye analo jani."

Palikuwa na pengo katika ua, ambalo Bi Swaumu alilipitia miaka yote, akiomba chumvi au akipeleka uvumi. Leo hakulipitia. Alizunguka hadi mlango wa mbele, kama mgeni wa mbali, akasimama. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, fupi ilivyokuwa.

"Hodi," akasema. Na baada yake likabaki neno moja tu.

"Shikamoo, dada."

Mwiko ukasimama. Bi Mwanamkuu akatokea mlangoni, amekonda, alama za kamba bado ziko mikononi.

"Marahaba, Swaumu." Akajifuta mikono kwa khanga. "Na ile ya njiani nayo, marahaba. Haina cha kuharibu tena."

Bi Swaumu akaushika mwimo wa mlango. Nyuma ya mwenye nyumba aliliona sinia mkekani, ugali wa muhogo ukifuka mvuke, na mgongo wa binti yake.

"Dada, mimi sikujua..."

"Chakula kikishawekwa, watu hawasemi mlangoni." Bi Mwanamkuu akasogea pembeni, akaacha upenyo wa mtu mmoja. Kule ndani Mwanaamina hakugeuka; aliunyoosha mkono tu, akalisukuma bakuli la maji ya kunawa kuelekea kizingitini. "Ingia tule."