Kopo la Kinyozi

Fundi makochi alipotoka kwa daktari wa njia ya mkojo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi wake, na wala hakuwa na nywele za kunyoa. Alikuwa na hasira, tena ile ya mtu aliyefanywa mjinga huku ameinamisha kichwa mwenyewe.

Mambo yalianzia kwenye kiti cha kinyozi. Govi lake, ambalo halikuwahi kumsumbua tangu ujana, lilianza kukaza ukubwani. Likawa halirudi nyuma, linapasukapasuka kama midomo wakati wa baridi, na akienda haja ndogo ngozi inajaa kwanza ndipo mkojo utoke kwa tabu. Kitandani ndiyo usiseme. Alimkwepa mkewe mpaka mama wa watu akaamua kwamba kuna mwanamke mahali, akabeba mto wake akahamia chumba cha watoto. Na fundi, badala ya kusema ukweli, akaenda kumnong'oneza kinyozi. Wanaume bwana! Mke uliyezaa naye unamficha, mtu mwenye wembe unamwambia yote.

Kinyozi aliinama chini ya meza ya kioo, akatoa kopo dogo lililofungwa gazeti. "Kaka, hii ni kiboko. Paka asubuhi na jioni. Ikiwasha, ujue inafanya kazi."

Iliwasha kweli. Ngozi ikababuka, ikatoa vidonda, na kaka wa watu akaendelea kupaka, si ameambiwa kuwasha ndiyo kazi? Asubuhi moja akalivuta govi nyuma kwa nguvu ili dawa ifike vizuri. Likarudi nyuma, likakwama hukohuko, kukavimba mpaka akapiga yowe. Alifika hospitali akitembea kama bata, mkewe amemshika mkono.

Daktari alilirudisha mahali pake taratibu, kwa mikono, kisha akampima damu. Sukari ilikuwa juu. "Govi la mtu mzima likianza kukaza lenyewe, tunatafuta sukari kwanza," alimwambia. "Ungekuja lilipoanza kupasuka, ningekupa dawa ya kupaka ya kweli, tukashusha sukari, pengine kisu tusingekitaja. Sasa limejaa makovu ya kuungua, itabidi nikutahiri. Na siku likikwama nyuma tena, hata chai usimalizie, njoo."

Mkewe alisikiliza yote, akacheka huku analia. "Kumbe huyo mwanamke alikuwa kwenye kopo!"

Basi siku ya kwenda kupangiwa upasuaji, fundi akatoka pale na neno moja kichwani: huyu kinyozi atakiona cha mtema kuni. Alijua biashara ile imesimama juu ya nini. Nani aliyeungua huko atarudi kulalamika mbele za watu? Yeye atarudi. Atasema yote, kwa sauti, benchi likiwa limejaa. Wakimcheka, wamcheke. Mradi yule mtu asiuze tena hata tone.

Benchi lilikuwa limejaa kama alivyotaka. Lakini kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, alikaa baba mkwe wake.

Fundi akasita mlangoni. Mbele ya mzee huyu hakuwahi kusema hata kwamba tumbo linamuuma. Kinyozi akaona, akaelewa, akatabasamu. "Karibu kaka! Mzee wako namalizia sasa hivi." Akamkonyeza. Halafu, kama vile haitoshi, akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa gazeti, akakitumbukiza kwenye mfuko wa shati la mzee. Mzee akaangalia sakafu.

"Shikamoo, baba," alisema fundi.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, niwie radhi. Hiyo ya mfukoni usiipake."

Mashine ya kunyolea ikabaki ikivuma mkononi mwa kinyozi.

"Ipi?" aliuliza mzee, bila kuinua macho.

"Ya govi, baba. Na mimi aliniuzia. Imeniunguza, sasa natahiriwa uzee huu." Mtu benchini aliguna. Mwingine alianza kucheka, akaacha. Fundi aliona uso unamuwaka, lakini akasema yote, vidonda, kukwama, sukari, mpaka mto wa mkewe.

Kinyozi akazima mashine. "Mzee, usimsikilize. Huyu kapata maradhi yake huko nje, anatafuta wa kumbebesha. Na ndiye anayekaa na binti yako!"

Fundi akapiga hesabu haraka. Mzee akimwamini kinyozi, kaumbuka bure na ndoa imekwenda.

Mzee akainuka na kitambaa chake shingoni. Akalitoa kopo mfukoni, akalifungua, akalinusa, akamsogezea kinyozi. "Jipake shavuni."

"Mzee, hii si ya usoni."

"Kwani ngozi ya huko ni ngumu kuliko ya shavu? Haya, basi mkononi."

"Apake!" alipaza sauti mmoja benchini. "Apake! Apake!" wakaitikia wote.

Kinyozi alificha mikono nyuma kama mtoto aliyedokoa nyama. "Mimi ngozi yangu laini," alisema.

Hapo ndipo walipocheka, na aliyechekwa hakuwa fundi. Wateja wakatoka mmoja mmoja, na ndevu zao kama walivyokuja. Kinyozi akamshika fundi mkono. "Kaka, nihurumie. Nina watoto."

"Na mimi ninao. Wamekuwa wakigombea kitanda na mama yao kwa sababu yako." Akapiga magoti kwa maumivu, akayatoa makopo yote chini ya meza, akayapanga barazani juani. Kisha akalivuta benchi mpaka mlangoni, akakaa. Kila aliyekuja kunyoa alimsalimu vizuri, akamweleza vizuri, na kila aliyegeuka kuondoka alimtia raha asali haioni ndani.

Mzee akaja akakaa karibu yake, kofia ikifunika nusu isiyonyolewa. Hakumtazama.

"Huyo daktari wako," alisema, "ni mwanaume?"

"Ni mwanamke, baba."

Mzee akashusha pumzi. "Hata akiwa nani. Utanipeleka." Akaviringisha gazeti la lile kopo mpaka likawa kitonge. "Lakini tungoje kwanza huyu afunge duka."