Fundo la Pili

Siku ya tatu baada ya mafuriko, bwana mifugo alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wa shule, kimbilio la watu na mifugo yao, akisafisha kidonda cha mmoja wa mbuzi wa Mbishi. Mbuzi hao walikuwa tisa, na wote walikuwa hai. Jambo hilo lilimchoma moyo, badala ya kumfurahisha. Kila aliposhika shingo ya mnyama atafute mahali pa kudunga sindano, hakukuta kamba wala alama ya kamba. Punda wa muuza maji, hata yule mbwa koko aliyeokotwa juu ya paa, shingo zao zilikuwa tupu. Wale waliofungwa kamba hawakufika shuleni.

"Si uliniita mkaidi mbele za watu?" Mbishi alisema, amemshika mbuzi pembe. "Ulisema tufunge. Mimi nikafungua zizi, nikawaambia kila mmoja aende na bahati yake."

"Nakumbuka."

"Sikusemi. Nakukumbusha tu."

"Mshike vizuri, asinipige teke."

Mbishi hakupewa jina hilo bure. Ukimwambia leo ni Jumatatu atakuuliza nani kasema. Safari hii ubishi wake uliokoa roho tisa, na utiifu wa majirani zake uliua wanyama wengi kuliko bwana mifugo alivyotaka kujua.

Ukweli ni kwamba agizo lile halikutoka kwenye kitabu chochote. Mwaka uliopita mto ulifurika kidogo, wanyama wakatawanyika, naye akashinda mwezi mzima ofisini akiamua kesi. Huyu anasema ndama ni wake, yule anaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni wa kwake. Alichoka hadi akawa anaota mabaka ya ng'ombe. Basi mvua za mwaka huu zilipozidi, alipanda pikipiki na kipaza sauti, akazunguka mitaa yote asubuhi, na mchana akarudia: "Fungeni mifugo yenu. Fungeni imara, isipotee." Alikuwa anajihurumia mwenyewe, akajifanya anawahurumia wanyama. Jioni maji yalijaa mtaa wa chini, yakafika madirishani.

Shangazi yake alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha darasa la tatu, ndoo ya pumba miguuni. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mali yake yote duniani ilikuwa ng'ombe mmoja aliyemwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyotembea polepole kama anayetaka atazamwe. Kila asubuhi shangazi aliuliza habari zake, na kila asubuhi alijibiwa, "Bado tunatafuta."

Huo ulikuwa uongo. Bwana mifugo alishamkuta siku ya kwanza, maji yalipopungua, amekufa chini ya nguzo ya banda, kamba imemkaza shingoni. Alijaribu kuifungua akashindwa, akaikata kwa panga. Kipande chenye fundo alikitia mfukoni mwa koti, na hakujua kwa nini hakukitupa. Kitu kimoja kilimshangaza: mafundo yalikuwa mawili, moja juu ya jingine.

Alipomaliza mbuzi wa mwisho alinawa mikono, akaenda kukaa kando ya shangazi.

"Umekula?" shangazi alimuuliza.

"Nimekula."

"Muongo. Midomo imekukauka." Alisogeza ndoo kumpisha. "Nimekuwa nikiwaza, mwanangu. Mikono yangu haina nguvu siku hizi. Labda nilifunga vibaya, akachomoka, sasa yuko ng'ambo anakula mahindi ya watu. Akirudi sitamgombeza."

Bwana mifugo alitamani kunyamaza. Angeweza kumwachia tumaini hilo life lenyewe polepole, yeye asiguswe na lawama. Lakini kesho shangazi angeuliza tena, na ndoo ya pumba ingekuwa pale pale. Aliingiza mkono mfukoni, akamwekea kile kipande cha kamba kiganjani.

"Nisamehe, shangazi. Nilimkuta siku ya kwanza. Nimekuwa nikikudanganya." Akamweleza yote: zile kesi, uchovu wake, na kwamba alisema wanyama wafungwe ili yeye asisumbuliwe.

Shangazi hakulia. Aliligeuza lile fundo, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili la chini nililifunga asubuhi," alisema. "Mchana maji yakaanza kuingia bandani, yakafika hapa." Akagusa kifundo cha mguu. "Moyo ukakataa. Nikaanza kulilegeza. Ndipo nikasikia pikipiki yako kule barabarani, na sauti yako. Nikaona aibu. Nikasema, mtoto huyu amesoma, mimi najifanya najua nini? Nikafunga la pili."

"Ungenipuuza tu, shangazi."

"Sauti hiyo nimeilea mwenyewe. Ningeipuuzaje?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomvunja bwana mifugo. Ndipo kelele zikasikika getini.

Karani wa mtaa alikuja mbio, kipaza sauti mkononi. Mto ulikuwa unapanda tena, na kwa kasi kubwa kuliko mara ya kwanza. Watu wa mtaa wa juu, ambao maji hayakuwafikia siku ile, walikuwa wamejazana nyuma yake. Wanyama wao bado walikuwa kwenye kamba, kama walivyoagizwa.

"Wanakusubiri wewe," karani alisema. "Wanasema hawagusi kitu mpaka wakusikie."

Bwana mifugo alipokea kipaza sauti. Aliwatazama, watu wazima na akili zao, wamesimama wanangoja waambiwe. Hata Mbishi alisogea asikie.

"Nilikosea," alisema, na sauti yake ikasikika hadi barabarani. "Niliwaambia mfunge, na waliofungwa wamekufa. Nendeni mkafungue. Fungueni wote, wapande kilimani."

Watu walitimua mbio. Mbishi aliwaswaga mbuzi wake kupitia geti la nyuma, na punde uwanja ukawa mtupu. Shangazi peke yake hakuinuka kibarazani. Alibaki na kamba kiganjani na ndoo ya pumba miguuni, kwa sababu hakuwa tena na ng'ombe wa kumfungua.