Mapipa Yasiyokuwepo

Kiwanda kile hakikuwa na pipa la mbao hata moja. Kilikuwa na matangi ya plastiki nyuma ya choo cha walinzi, na sukari ya kuunguza ya kuipa pombe rangi ya uzee. Hata hivyo, tajiri alitaka lebo iseme kwamba pombe yake kali imelala mapipani miaka na miaka, na aliyetakiwa kuuchora uongo huo ni binti aliyetoka chuo juzi tu, mchoraji ambaye bado alikuwa kwenye majaribio.

Chupa aliichora kwa moyo wake wote: mabega mapana, shingo fupi, mifereji myembamba inayoshika mwanga, na kitako kinene ili ikae mezani isiyumbe. Lebo nayo ilikuwa safi. Jina, kiwango cha kilevi, mahali ilipotengenezwa. Mstari wa mapipa aliuacha wazi. Aliamini kabisa kwamba chema chajiuza; wakiiona chupa, wataona haya kuisemea uongo.

Kwa ajili ya picha za matangazo, aliijaza chupa ya mfano chai ya rangi iliyopoa, kama wafanyavyo wapiga picha, maana chai hupendeza kwenye taa kuliko pombe yenyewe. Kikao kilipoanza, Shemeji, meneja wa mauzo aliyeupata umeneja siku dada yake alipoolewa na tajiri, aliinyakua ile chupa akaanza kumimina.

"Meneja, hiyo ni ya..."

"Binti, wakubwa wakionja, wadogo hutazama."

Tajiri aliinua glasi dirishani, akaizungusha, akaingiza pua, kisha akalowesha midomo tu, kama alivyoona watu wakifanya kwenye televisheni. Akafumba macho. Mchoraji alizitazama kope zake zikitetemeka kwa utaalamu.

"Mbao," tajiri alisema. "Naisikia mbao kabisa."

"Na moshi kwa mbali," alidakia Shemeji, ambaye glasi yake ilikuwa bado imejaa.

"Umeusikia, eeh?"

"Mimi tena, shemeji? Pua hii haijawahi kunidanganya."

Aliyemeza ni mmoja tu, mchanganyaji wa pombe, mtu mzima mwenye mvi zake, aliyejua kila tone la matangi yale. Alimeza, macho yakamtoka, yakatua kwa mchoraji. Amejua. Sasa atasema, binti aliwaza, akaanza kumpenda kwa ujasiri ambao hajauonyesha bado.

"Laini sana, bosi," alisema mchanganyaji. "Hii imelala."

Kilemba cha ukoka kikavishwa, na mvishwaji akakiweka sawa kichwani.

"Basi, mwanangu, kazi umepata," tajiri alisema. "Jaza ule mstari tu. Hata ulimi umethibitisha."

"Mzee, hiyo ni chai. Niliipika mwenyewe, ya kupigia picha. Hiyo mbao mliyoisikia ni majani ya chai."

Shemeji akanusa glasi yake kwa mara ya kwanza. Mchanganyaji akakagua kucha zake. Mchoraji aliingoja aibu ifike usoni mwa tajiri. Kilichofika ni tabasamu.

"Kama chupa imeniuzia chai mimi, itashindwa kuwauzia nini wale wa nje? Andika hivyo hivyo."

"Nikijua kabisa ni uongo?"

"Lebo haili kiapo, binti," alisema Shemeji. Wakacheka, na mchanganyaji akacheka kuliko wote.

Nyumbani mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ana kazi. Binti alilikumbuka hilo, akawatazama mmoja mmoja, walevi wa chai, kisha akakunja michoro yake.

"Mkataba sijasaini, na chupa ni yangu. Mtafuteni mwenye mkono wa kuandika lolote. Midomo ya kusema lolote mnayo tayari."

Mchanganyaji alimkimbilia hadi kwenye korido. "Mwanangu, usinione vibaya. Nina watoto wanasoma."

"Shikamoo, baba," alisema, maana asubuhi hawakuwahi kusalimiana, na heshima ya umri ndiyo pekee iliyobaki ya kumpa.

Mzee alifungua mdomo aitikie. Marahaba haikutoka.