Dawa ya Wifi ya Macho

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kujipamba. Akishaoga na kujipaka mafuta, basi. Lakini tangu mama mkwe wake apooze upande mmoja na kuhamia kwao, weusi ulimtanda chini ya macho kama masizi. Usiku alikuwa wa kuamka kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumbadilisha nguo, kumnywesha maji. Mchana alikuwa kwenye cherehani yake, akishona sare za shule. Mumewe alilala fofofo, kisha asubuhi akauliza, "Mama ameamkaje?"

Jumapili moja akaja wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akiuza vipodozi vya kuchanganya mwenyewe jikoni. Alimsalimia mama yake akiwa amesimama mlangoni, kisha akamgeukia fundi.

"Wifi, umejiachia mno. Macho yametumbukia kama mfiwa. Kwenye picha za harusi ya mdogo wetu utatutia aibu."

Akamwachia kichupa. Limau, manjano na asali, alisema, kemikali hata chembe hamna. Cha asili hakidhuru.

Fundi akapaka. Ngozi ikawasha. Alipompigia simu, wifi akamwambia hiyo ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi, avumilie, mvumilivu hula mbivu. Akavumilia, mpaka asubuhi moja akaamka kope zimevimba na ngozi imebabuka. Hata kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda.

Muuguzi wa zahanati alimwinua kidevu akamtazama.

"Ngozi ya hapa ni nyembamba kama utando wa kitunguu. Limau linaiunguza, na jua likiipiga ndiyo balaa. Weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, usisugue. Ikishapona, tone la mafuta ya nazi linatosha. Kwani unalala?"

Fundi akatikisa kichwa. Miezi yote ile, nyumbani hakuna aliyemuuliza hilo.

Hasira ilimpanda njia nzima. Alipofika, wifi alikuwa amekwishasikia, ameketi sebuleni na kaka yake, mlango wa chumba cha mgonjwa ukiwa wazi.

"Labda ngozi yako ndiyo ina matatizo," wifi akaanza. "Vile ni vitu vya asili."

"Hata upupu ni wa asili, wifi. Mbona hujipaki?"

"Jamani, yaishe," mumewe akaingilia. "Dada alikuwa na nia njema."

Hapo ndipo moto ulipopata petroli.

"Nia njema? Kuniletea dawa ya weusi wa macho aliweza. Usiku mmoja wa kukaa na mama yake umemshinda. Na wewe unakoroma ukuta wa pili, asubuhi unaniuliza mimi mama yako ameamkaje. Halafu mwenye aibu kwenye picha ni mimi?"

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mama mkwe, ulimi mzito, neno moja moja.

"Mwacheni mwanangu. Usingizi wake mmeula nyinyi."

Mumewe akainamisha kichwa. Wifi akaokota mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Usiku huo fundi alitandika godoro kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango. Haikuchukua muda mumewe akabisha, akiuliza mama anageuzwaje.

"Mlaze ubavu wa kushoto, mto uweke katikati ya magoti," akamjibu, akajifunika.

Harusini alikwenda na mabaka yake, akasimama mstari wa mbele, akapigwa picha. Siku hizi mumewe na mgonjwa wameshazoeana usiku, na Jumamosi ni zamu ya wifi, ambaye huja amevuta mdomo. Macho ya fundi yamerudia hali yake taratibu, kwa maji baridi na usingizi. Wifi hajaomba radhi mpaka leo, na fundi hajamsamehe.