Mapipa Mawili na Pua Moja

Mafua yalimshika Bi Pua siku ile ile ambayo dunia nzima iliihitaji pua yake.

Dunia nzima, yaani bustani ya nyuma ya nyumba: miche mia sita ya nyanya na pilipili hoho, imejipanga kwenye trei zake kwa adabu kama watoto wa darasa la kwanza. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: kuanzia kesho asubuhi maji ya bomba yatakatwa kwa siku kumi. Pipa lake la zamani lilikuwa limepasuka chini. Miche ile haikuweza kukaa siku mbili bila maji, sembuse kumi. Mapipa makubwa mawili yapatikane leo, yajae leo, la sivyo kazi ya msimu mzima itakauka huku akiitazama.

Kuyapata hakukuwa na tabu. Mtaa wa pili palikuwa na uwanja wa muuza mapipa, mzee mcheshi aliyeyanunua viwandani yakiwa matupu. Tabu ilikuwa kujua pipa lilibeba nini kabla ya kufika pale, maana lebo nyingi hubanduka njiani. Yapo yaliyobeba siki, mafuta ya kula, sharubati. Hayo ukiyaosha vizuri, mche hunywa na kushukuru. Na yapo yaliyobeba dawa za kusafishia mashine. Hayo hata uyasugue mpaka mikono ichubuke, plastiki imeshainywa dawa, na itairudisha kidogo kidogo.

Hapo ndipo ilipoingia pua. Bi Pua hufungua kizibo, huinama, huvuta pumzi mara moja, kisha hutoa hukumu. "Siki." "Mafuta ya alizeti, tena yaliyochacha." Hakuwahi kukosea, na hakuwahi kuchoka kusema kwamba hakuwahi kukosea.

Aliyekosea alikuwa wifi yake, fundi cherehani, dada wa mumewe, waliyekaa naye nyumba moja, milango ikitazamana. Mwaka jana, Bi Pua akiwa safarini, wifi alijichagulia pipa mwenyewe, la bluu, linang'aa, akaumwagilia mchicha wake siku nne. Siku ya tano mchicha ulilala chini kama kitambaa kilichoteleza mezani. Tangu hapo hakupumua. Akisifu gauni aliloshona, Bi Pua husema, "Zuri kweli, tena halijanyauka." Akiweka chai, Bi Pua huchungulia kikombe. "Maji haya ya pipa gani, wifi?"

Sasa leo, pua imeziba kama imemiminiwa zege, aende kumwambia wifi huyo huyo? Thubutu! Bora afe na tai shingoni.

"Wifi, mbona macho mekundu?" fundi cherehani aliuliza walipokuwa wakienda.

"Nimekata vitunguu."

"Na sauti je?"

"Vilikuwa vingi."

Uwanjani muuza mapipa aliwapokea kwa mikono miwili. "Karibu, mkaguzi mkuu! Mzigo umeingia jana, hauna lebo hata moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nakusubiri wewe unisomee."

Bi Pua alifungua kizibo cha kwanza, akainama, akavuta. Hakuna kitu. Ni kama alikuwa ananusa hewa ya mwezini. Akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jambo la zamani.

"Hili sitaki."

"Lina nini?" mzee aliuliza.

"Lina mambo yake."

Akapita mapipa sita hivyo hivyo, uso mkavu. Mwishowe akayapigapiga mawili ya bluu kama anayechagua matikiti maji. "Haya."

"Yalikuwa na nini?" wifi naye akauliza.

"Wifi, daktari akikupa dawa unamuuliza alisoma shule gani?"

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Wakayaviringisha mapipa hadi nyumbani, moja kila mtu, yakinguruma barabarani na watu wakiwapisha. Wifi alikuwa anafurahi, anapiga lake teke na kulikimbilia. Bi Pua alilisukuma la kwake kama anayesindikiza mgonjwa.

Nyumbani wifi akavuta mpira wa maji moja kwa moja. "Tuoshe, tujaze!"

"Ngoja kwanza. Yapate jua."

"Jua la nini?"

"La... la kupata jua. Nenda ukamalizie sare zako, nitakuita."

Wifi alimtazama, akaguna, akarudi kwenye cherehani yake barazani. Bi Pua akavifungua vizibo, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mapipa na miche. Alijifukiza kwa maji ya moto, akapenga kamasi, akayanusa mapipa tena. Wapi! Jua likapanda, likaanza kushuka. Akiyajaza mapipa bila kujua, huenda anaipikia miche yake sumu. Asipoyajaza, inakufa kwa kiu. Na vyote viwili vitatokea mbele ya mwanamke mwenye mchicha wa kulipiza.

Ndipo alipowaona sisimizi.

Walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mmoja mwembamba, wakapanda pipa la kushoto na kuingia kwenye tundu la kizibo bila kubisha hodi. Wengine walikuwa wanatoka, wanagongana vichwa kwa furaha. Bi Pua akachovya kijiti ndani na kukitoa kinanata. Sharubati! Akataka kupiga kigelegele. Kisha akalitazama pipa la kulia. Sisimizi watatu walikuwa wamelipanda hadi katikati. Wakasimama. Wakageuka, wakashuka mbio.

Pipa moja halikutosha miche mia sita siku kumi, na kwenda kuchagua lingine kulihitaji pua. Bi Pua aliitazama miche. Haikumsema. Ilisimama tu, na majani yake manne manne, ikimngoja.

Akapiga moyo konde, akaenda barazani.

"Wifi. Sisikii harufu. Tangu asubuhi. Pale uwanjani nilikuwa naigiza."

Cherehani ikanyamaza. Fundi alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichomeka kwenye mto wake taratibu. Halafu akaangua kicheko kilichomwangusha kitini. "'Lina mambo yake!' Mama yangu, mbavu zangu! 'Lina mambo yake!'"

"Cheka ukimaliza uje unisaidie."

Wifi alikuja anajifuta machozi kwa pindo la sare ya watu. Aliinama kwenye pipa la kulia, akavuta pumzi, na kicheko kikakatika kama uzi. Akanyooka, uso umebadilika.

"Hili hapana."

"Una uhakika? Wewe?"

"Wifi, harufu nyingine zote sizijui, nakubali. Lakini hii! Raba mpya na kitunguu kilichooza. Hii ndiyo iliyoniulia mchicha wangu. Nimeiota mwaka mzima. Hii hata nikiwa na mafua yako nitaijua."

Wakarudi uwanjani mbio, pipa likirukaruka mbele yao. Safari hii Bi Pua alisimama pembeni na leso yake. Wifi ndiye aliyepita pipa kwa pipa, mikono nyuma kama mkaguzi mkuu. "Siyo la adui yangu. Siyo lake. Hili ndilo lake, mzee, liweke mbali na watu!" Kwenye la mwisho walikubaliana wote: wifi hakuisikia harufu ya adui yake, na sisimizi wa uwanjani walikuwa wameshafika kabla yao.

Kabla jua halijazama mapipa yote mawili yalikuwa yameoshwa mara tatu na kujaa hadi mdomoni. Siku kumi zikapita, na miche mia sita ikatoa jani la tano, kisha la sita, bila hata mmoja kulala.

Siku ya kumi na moja pua ya Bi Pua ilizibuka. Akalikuta pipa la pili limeandikwa kwa chaki ya fundi, herufi kubwa: HILI NIMECHAGUA MIMI.

Akainama, akanusa. Sharubati safi kabisa. Akafungua mdomo aseme neno kuhusu mchicha, akaufunga, akaenda kuweka chai ya watu wawili.